Godoro la Baba, Harusi Yangu

Temeke, Dar es Salaam
7 Februari 1954

Kwa Shangazi Apolonia,

Shikamoo Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kamachumu, migomba imesimama, na yule ng'ombe wako mwenye pembe moja ameacha kuwafukuza watoto wa katekista. Sie hapa hatujambo. Mama anakusalimu sana. Audax ameng'oka jino la mbele na sasa kila akicheka anafunika mdomo kwa mkono kama mzee. Eufrazia ameanza kusema. Neno lake la kwanza ni "toka", amelipata kwa Mama anavyofukuza kuku.

Mie nipo darasa la nane na mtihani ni Novemba. Sista anasema Kiingereza changu ni kizuri nikisoma kwa sauti, ila nikiulizwa swali nakuwa bubu. Ni kweli. Maneno ya kitabuni nayasema bila haya kwa sababu si yangu. Ya kwangu ndiyo yananishinda, isipokuwa kwenye karatasi. Ndiyo maana nakuandikia wewe mambo ambayo hata Mama sijamwambia.

Sasa jambo lenyewe, na naomba ulisome peke yako. Baba anaumwa mgongo. Si kule kuumwa ambako mtu anasema "leo mgongo unanisumbua" halafu anakwenda zake. Asubuhi hawezi kuinuka. Anajiviringisha hadi ukingoni, anateremsha magoti sakafuni, anashika tendegu la kitanda na kukaa hivyo muda mrefu amefumba macho. Audax alidhani Baba anasali, na siku hizi anapiga magoti kando yake na kufanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyemweleza ukweli, maana Baba mwenyewe alimwitikia "Amina".

Kitanda chenyewe ni cha kamba, nazo zimelegea katikati mpaka kimekuwa kama bakuli. Godoro la pamba lililo juu limejikunja mafundo mafundo.

Unajua kazi ya Baba: karani wa bohari bandarini. Kutwa yuko mlangoni mwa bohari amesimama, anaandika mizigo inayoingia na inayotoka. Mwaka jana mwenzake, Mzee Anselmo, alianza kuchechemea. Daktari wa bandari akamtazama, na kabla mwezi haujaisha Mzee Anselmo alikuwa amerudisha ufunguo wa nyumba. Nyumba yetu nayo ni ya kazi. Mwezi wa Julai daktari atawapima makarani wote wa bohari. Baba akishindwa, tunafunga mizigo, na mtihani wangu ndiyo basi.

Kwa hiyo ni siri. Na kutunza siri hapa si mchezo, maana tumepakana ukuta na duka la Bwana Matar. Mke wake, Bi Jokha, ni mwema sana, lakini barazani kwao kila jioni anakaa Shomari, tarishi wa ofisi ya Baba. Anachokijua Bi Jokha jioni, Shomari anakwenda nacho ofisini asubuhi pamoja na barua.

Lakini Shangazi, nina habari njema, na ndiyo iliyonishikisha kalamu. Mama amekubali tupate godoro jipya, na kazi ya kulichagua nimepewa mie. Baba hawezi kwenda dukani, ataonekana. Mama ana mtoto mgongoni. Na mie na Baba tuna urefu mmoja sasa, mwaka huu nimemfikia, kwa hiyo Mama anasema litakalonitosha litamtosha. Tangu juzi sisikii chochote darasani. Nawaza magodoro tu. Yapo ya sufi, yapo ya usumba wa nazi, na mjini wamesema yapo ya springi ambayo ukikaa yanakurusha.

Nina swali moja. Mama anasema Baba aliwahi kuumwa mgongo hivi hivi kabla hajamwoa, na wewe ndiye uliyemuuguza akapona. Alilalia nini? Ulimfanyia nini? Tafadhali nijibu upesi.

Mtoto wako,
Felicitas

Kamachumu, Bukoba
2 Machi 1954

Felicitas mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kidole cha mafuta, nikajua Eufrazia naye ameniandikia. Ng'ombe hajaacha tabia yake. Kahawa ya mwaka huu ina maua mengi. Mvua imebomoa kidogo ukuta wa jiko, nimeukandika mwenyewe. Mtu wa kunisaidia hayupo, lakini hilo unalijua.

Nasikitika kwa ndugu yangu. Mtu aliyezaliwa kwenye migomba anasimama kutwa kwenye saruji akihesabu mizigo ya watu wengine, halafu anashangaa mgongo ukikataa. Huku hatununui vitanda dukani. Nyumba ya baba yake ipo, sakafu ina majani mapya laini, nimeyatandaza juma lililopita. Mwambie hivyo. Mwambie chumba cha mbele hakivuji.

Kuhusu godoro, mimi ni mtu wa shamba, sijui mambo ya springi. Chagua utakalopenda.

Soma kwa bidii. Shule zipo hata huku.

Shangazi yako,
Apolonia

Temeke
21 Machi 1954

Kwa Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Asante kwa barua, ingawa hukunijibu swali langu. Labda ulisahau. Mama anakupa pole ya ukuta wa jiko. Audax jino jipya linachungulia. Eufrazia sasa ana maneno mawili, "toka" na "lete", na kwa hayo mawili anaendesha nyumba nzima.

Shangazi, kaa kitako, maana nina mengi na mkono wangu unakimbia.

Kwanza nilikwenda mjini Jumamosi na sare yangu ya shule, kwenye duka moja la Mhindi mrefu mwenye miwani. Magodoro yamepangwa mbele, dirishani kabisa, ambapo kila apitaye anayaona. Akaniuliza, "La nani?" Nikageukia magodoro. "La kwako?" Nikatikisa kichwa kukubali, maana ningekataa angeuliza la nani.

"Basi lala, bibi. Godoro halinunuliwi kwa macho."

Nilidhani nitakufa. Nilivua viatu, nikalala chali mikono kifuani kama maiti. Lile la springi lilinirusha kweli, na watu wawili waliokuwa wakipita wakasimama dirishani. La usumba lilikuwa gumu na linachomachoma hata kupitia sketi, nikaondoka juu yake haraka. Halafu la sufi. Shangazi, la sufi nilizama. Lilinipokea pande zote kama mtu anayekufahamu. Nikasahau dirisha, nikasahau watu, nikafumba macho, mpaka Mhindi akakohoa.

Nikarudi nyumbani nikisema sufi, sufi, sufi. Mama akasema la dukani hatulitaki, hujui wameshindilia nini ndani. Tukanunua sufi yenyewe gunia zima, bado ina mbegu, na kitambaa cha mistari cha kushonea.

Kosa lilianzia hapo. Nilikaa nyuma ya nyumba kuchambua mbegu, upepo ukavuma, sufi ikaruka ukuta na kuingia uani kwa Bi Jokha kama theluji ninayoisoma vitabuni. Kichwa chake kikatokea juu ya ukuta, nyusi nyeupe.

"Sufi mpya hiyo, Felicitas? Ya nani?"

"Ya nyumbani."

"Nyumbani kwenu nani anapata godoro jipya?"

Shangazi, ningesema la Baba angeuliza kwa nini. Ningesema la Mama angemuuliza Mama. Nikatazama miguu yangu.

Sie watu wa bara hatukujua. Mtaani kwetu hapa, sufi ya godoro jipya huchambuliwa na wanawake wa jirani wakati msichana anapoolewa, na msichana mwenyewe hatakiwi kusema kitu. Anatakiwa atazame miguu. Nilijibu bila kujua kwamba nimejibu. Bi Jokha akapiga kigelegele kilichosimamisha mashine ya fundi cherehani ng'ambo ya njia.

Kesho yake Mama aliporudi sokoni alikuta wanawake wameujaza uwanja wetu, kila mtu na ungo wake, vichwa vyeupe kwa sufi, wanaimba. Mie nimekalishwa katikati juu ya mkeka, nimepakwa mafuta ya nazi, nimekatazwa kugusa kazi. Mama akaniinamia.

"Wanasema nini hawa?"

"Wanasema naolewa."

"Na nani?"

"Hawajauliza."

Akataka kuwageukia. Nikamshika kanga. "Mama, nikisema si langu, watauliza la nani. Na Shomari yuko pale barazani, amepita na barua zake."

Mama alisimama, akamtazama Shomari, akanitazama mie, halafu akaenda kuweka chai jikoni. Alipika chai kwa wanawake wote wale bila kusema neno, nao wakamsifu kwa utulivu wake.

Godoro limeshashonwa. Ni nene kama andazi lililofura. Leo usiku Baba analilalia kwa mara ya kwanza. Nimefurahi mpaka siwezi kula. Habari ya harusi Baba haijui. Anatoka alfajiri, anarudi kachoka, na barazani hakai.

Wako,
Felicitas

Kamachumu
28 Machi 1954

Felicitas,

Sitaanza na salamu, utanisamehe.

Gaspar, mtoto wa katekista, amerudi likizo kutoka huko Dar es Salaam, na Jumapili baada ya Misa amesema mbele ya watu kwamba mtoto wa ndugu yangu Didas anaolewa na mtu wa pwani, na godoro limeshashonwa. Nilikuwa nimesimama pale na kikapu changu. Watu wakanipa hongera. Nikazipokea, ningefanya nini? Kufika nyumbani nikakaa chini.

Nani huyo? Padre amemwona? Na kwa nini ndugu yangu hakuniandikia mstari mmoja? Dada yake ni mimi peke yangu. Ulininong'oneza habari za mgongo, kumbe mlikuwa mnanunua godoro la arusi.

Kama ni kweli, njoo uniambie uso kwa uso. Kama si kweli, andika leo hii.

Apolonia

Temeke
25 Aprili 1954

Kwa Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Pasaka iliyopita. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama posta. Natumaini barua yangu ya Machi imeshakufikia na umeona kwamba hakuna mtu wa pwani wala wa bara. Bwana harusi hayupo. Ni mgongo wa Baba tu.

Sie wazima. Eufrazia ana homa kidogo ya meno.

Sasa nikuambie yaliyotokea, na si mazuri. Usiku ule wa kwanza Baba alipanda juu ya godoro kama anapanda farasi, akazama, akatabasamu. Akasema, "Mwanangu, umenitandikia wingu." Nikalala kwa furaha. Asubuhi hakutoka. Godoro lilikuwa limemmeza, na kila alipotaka kujiviringisha lilimrudisha katikati kwenye bakuli la kamba. Tulimtoa watatu, Mama, mie na Audax, na Audax alidhani ni mchezo akaomba turudie kesho. Baba alivumilia siku nne nzima kwa sababu mie ndiye niliyelichagua. Siku ya tano alikwenda kazini ameegemea ukuta njia nzima.

Nimefikiri sana kosa liko wapi. Nililala kwa mgongo wangu, Shangazi. Mgongo wangu hauna ugonjwa. Kila godoro lingekuwa zuri kwangu. Ni kama kuonja dawa ya mtu mwingine na kuchagua ile tamu.

Mama amelipeleka lile la sufi chumbani kwetu watoto na amesema hatalitoa kwa mtu yeyote. Baba amerudi kwenye pamba yake yenye mafundo. Sasa anapiga magoti muda mrefu zaidi.

Mtaani nako kumeharibika kwa namna nyingine. Wiki zimepita, bwana harusi haonekani, posa haijaletwa. Bi Jokha ameacha kuniita biarusi. Ananiita "mwanangu" kwa sauti ya msibani. Jana nilikwenda dukani kununua sukari, Shomari akaacha kuongea, akatazama pembeni, akasema, "Wanaume wengine hawana haya." Nikajua wameamua kwamba nimeachwa. Nikachukua sukari nikaondoka. Ningesema neno moja tu ningetoka kwenye aibu hiyo, na neno hilo lingemtoa Baba kazini.

Nitakuambia jambo ambalo sijaungama hata kwa Padre. Siku ile ya sufi, walipokuwa wakiimba, nilifurahi. Mie ambaye darasani nakaa nyuma ya Anjelina ili Sista asinione, nilikaa katikati ya wanawake thelathini wote wananitazama, mmoja ananisuka, mwingine ananipepea, na sikuona haya. Niliwaza laiti ingekuwa kweli, si kuolewa, ila kule kukaa katikati. Kwa hiyo sijui kama nilinyamaza kwa ajili ya Baba peke yake. Sasa wananihurumia, na furaha ile nailipia kwa huruma hii, basi naona ni haki.

Lakini Baba hana alichofanya. Julai inakuja. Shangazi, nakuuliza mara ya pili, na sasa najua hukusahau mara ya kwanza. Ulimfanyia nini akapona?

Felicitas

Kamachumu
23 Mei 1954

Felicitas mwanangu,

Marahaba. Barua yako imekaa mezani tangu ilipofika, chini ya taa, ili niione. Kila nilipochukua kalamu nilikumbuka kazi nyingine. Jana nikaona kazi zimekwisha.

Uliniuliza mara mbili. Nikakujibu habari za ng'ombe. Sasa sikiliza.

Didas alikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa tunapeleka kahawa kwa mnunuzi, akabeba gunia kuteremka kilima wakati mvua imenyesha, akateleza, gunia likamwangukia. Wakamlaza kwenye kitanda cha majani. Unajua desturi yetu: kila aliyekuja kumtazama mgonjwa alileta mkono mmoja wa majani laini, akaongeza chini yake. Watu walimpenda sana. Kufika juma la pili alikuwa amelala juu ya majani yanayofika magotini mwangu, na hawezi kugeuka.

Mimi ndiye niliyeyatoa. Nilingoja wakubwa wamekwenda kwenye matanga, nikayatoa yote nje nikawapa mbuzi. Nikang'oa mlango wa jiko, nikaulaza chini, nikaweka mkeka mmoja na blanketi, nikamviringisha juu yake. Alinitukana siku mbili. Siku ya tatu akalala usingizi mzima. Kabla kahawa haijaisha kuchumwa alikuwa ameinuka. Mama yetu alinipiga kwa ajili ya yale majani, lakini mlango hakuuchukua.

Kwa hiyo nilijua tangu barua yako ya kwanza. Sikusema kwa sababu nilitaka arudi. Kibanja, shamba letu lote la migomba, ni kikubwa na mimi ni mmoja, na jioni nyumba hii ina mlango mmoja unaofunguliwa na mtu mmoja. Nilifikiri, mgongo ukimshinda, atakuja. Nikatandaza majani. Halafu ukaniandikia kwamba unaonewa huruma barabarani na wewe umenyamaza, na mimi mzee mzima nimenyamaza kwa sababu mbaya kuliko yako.

Tafuta mbao nzito. Toa kamba zote. Juu ya mbao usiweke kitu kinachozama. Akikutukana usimsikilize.

Apolonia

Temeke
1 Agosti 1954

Kwa Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Eufrazia amepona. Mama anakusalimu, na amesema nikuandikie kwamba hana kinyongo nawe hata chembe. Nimemsomea barua yako jikoni, akacheka kwa ajili ya mbuzi.

Barua ilifika Ijumaa moja ya Juni. Jumamosi asubuhi nilikuwa kwa seremala. Nilisema mwenyewe, kwa sauti, nataka mbao za kitanda, nene, zisizopinda. Halafu nikaenda kwa yule Mhindi. Akanikumbuka. "Bibi wa sufi," akasema, "njoo ulale." Safari hii sikulala. Nililisukuma kila godoro kwa ngumi na kutazama lipi linakataa. La usumba lilikataa. Nikachukua hilo, jembamba, gumu kama mgongo wa kasa.

Baba alitutukana, kama ulivyosema, ila kwa Kihaya ili Audax asielewe. Siku mbili. Siku ya tatu nilimsikia anakoroma. Kila asubuhi magoti yake yalikaa sakafuni muda mfupi zaidi, hata Audax akalalamika kwa Mama kwamba Baba siku hizi hasali vizuri.

Sasa sikiliza hili. Mwanzoni mwa Julai Bi Jokha aliamua kwamba huzuni yangu imezidi. Akaja kwetu jioni na sahani ya kalimati na udi, akamkuta Baba mlangoni. Mie nilikuwa ndani nyuma ya pazia.

"Karani, pole sana kwa binti."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, maskini. Aliyemwacha ndiye wa kulaaniwa. Na sufi tulimchambulia kwa mikono yetu."

Baba alipokea kalimati, akashukuru, akafunga mlango, akaniita. Nilimweleza yote nikitazama sakafu. Alinisikiliza amesimama wima, na nikaona kwamba anaweza kusimama wima.

"Umebeba hili tangu lini?"

"Tangu Machi."

"Na ukanyamaza kwa ajili ya mgongo wangu."

"Shomari angesema ofisini."

Akavaa koti lake la kazini, akafungua mlango wa mbele, akaenda barazani kwa Bwana Matar. Nikamfuata mpaka ukutani. Shomari akainuka kumpisha.

"Kaa, Shomari. Na Bi Jokha kama uko nyuma ya pazia hapo, nisikilize. Lile godoro mlilochambua sufi lilikuwa langu. Mimi ni mgonjwa wa mgongo tangu mwaka jana. Binti yangu hana mchumba na hajaachwa na mtu. Anasoma."

Bwana Matar alikuwa anapima sukari, mkono ukabaki juu. Halafu sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Yaani siku nzima tulikuwa tunamwimbia mgongo wa Karani?"

Sukari ilimwagika, Shangazi. Bwana Matar alicheka mpaka akashika mizani. Hata Baba alicheka, akishika kiuno kwa mikono miwili. Shomari peke yake hakucheka.

"Karani, nami ofisini niseme nini?"

"Sema ulichosikia. Kesho asubuhi nitakuwa nimeshasema mwenyewe."

Na kweli, kesho yake alikwenda kwa Bwana Mkubwa kabla Shomari hajafika na barua. Akamwambia mgongo uliumwa, sasa unapona, na angependa apimwe kama wengine. Tulikaa wiki tatu tukingoja siku ya daktari. Mama alianza kufunga sahani kwenye magazeti, halafu akazifungua, halafu akazifunga tena.

Daktari alimwinamisha, akamsimamisha kwa mguu mmoja, akambonyeza uti wote. Akamuuliza, "Unalala juu ya nini?" Baba akasema, "Mbao na usumba." Daktari akauliza nani alimshauri. Baba akasema, "Dada yangu." Daktari akaandika, akamsomea: anafaa kwa kazi, asinyanyue mizigo, apewe kiti kirefu mlangoni mwa bohari.

Alirudi nyumbani akasimama katikati ya chumba na kofia kichwani. "Wamenipa kiti," akasema. Mama akaketi juu ya sahani zake zilizofungwa. Mbili zimevunjika, hakujali.

Bi Jokha alinikasirikia siku mbili. Siku ya tatu akaniita uani kwake, wanawake wamejaa, akaniuliza mbele yao wote, "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Unatuogopa sisi?"

"Namwogopa kila mtu, Bi Jokha."

Walicheka, nami nikacheka, na nikagundua kwamba nimesema hivyo kwa sauti ya kawaida, nikiwatazama. Wakanipisha nikae. Walikuwa wanachambua sufi ya mpwa wake, anaolewa kweli. Safari hii nikapewa ungo na kazi kama wengine, na nikaimba.

Baba amesema nikuandikie hivi, kwa maneno yake: anajua ulichokitaka, na hakukasirika. Angekuwa yeye huko peke yake, naye angenyamaza.

Mtoto wako,
Felicitas

Kamachumu
29 Agosti 1954

Felicitas mwanangu, na wewe Didas, maana najua atakusomea,

Marahaba wote. Kahawa imekauka vizuri. Gaspar nimempeleka kanisani mimi mwenyewe, akasimama pale pale aliposimama na kusema hakuna arusi. Watu wakanirudishia pole badala ya hongera, nazo nikazipokea.

Kuna shamba la chini, lile la kando ya mto, ambalo baba yetu alimgawia Didas. Tangu aondoke nimelishikilia. Watu wameniomba walilime, nikakataa. Niliona afadhali lijae magugu kuliko aje akute jembe la mtu mwingine. Sasa nimempa Adelard, yule kijana mwenye watoto wengi, alilime kwa nusu ya mavuno. Hati hatujaandika. Shamba ni la Didas, siku akilitaka kwa hiari yake atalichukua.

Adelard alianza kufyeka jana. Nilichukua kigoda nikaenda kukaa juu ya kilima kumtazama. Nilijua nitalia, nikachukua na kitambaa. Nikakaa mpaka jua likawa kali. Nikajikuta nampigia kelele kwamba anaacha visiki.

Shangazi yako,
Apolonia